Uso wa Mwandamanaji

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inampa raia haki mbili zinazoonekana kugongana: kifungu cha 26 kinamruhusu kuandamana, yaani kujitokeza hadharani, na kifungu cha 31 kinalinda faragha yake, yaani uwezo wa kuamua nani ajue nini kuhusu maisha yake. Wengi husema kwamba aliyetoka barabarani kwa hiari yake ameiacha faragha nyumbani, hivyo akipigwa picha hana la kulalamikia. Hoja hiyo ni nyepesi. Anayeandamana mjini Kalemie anakubali kuonwa na waliopo, kwa saa zile, akiwa mmoja wa wengi; hakukubali kuchunguzwa miezi kadhaa baadaye na mtu asiyemjua, aliyeikuza picha mpaka kovu la shavuni likajitokeza. Jicho la mpita njia husahau, na usahaulifu huo ndio kinga ya umati ambayo kamera huiondoa.

Hata hivyo, kuzima kamera si jibu, kwa kuwa maandamano yanapotawanywa kwa nguvu, picha huweza kuwa shahidi asiyetishika. Serikali yenyewe ililitambua hilo (pengine kuliko waandamanaji) ilipokata intaneti nchini kote kabla ya maandamano ya Wakatoliki walei ya tarehe 31 Desemba 2017.

Suala basi ni kipi kionyeshwe. Katika mji ambamo watu hujuana, kufunika uso hakutoshi: kitenge cha sare ya kwaya, au maandishi yaliyochorwa kwenye pikipiki, humtaja mtu sawasawa na jina lake, na faili la picha lenyewe huweza kubeba saa na mahali ilipopigwa. Ukungu mwepesi uliowekwa juu ya uso nao wakati mwingine huondolewa kwa programu, ilhali doa jeusi lililoziba kabisa, likihifadhiwa ndani ya picha yenyewe, halirudishi kitu.

Kwa kuwa mpiga picha hawezi kuomba ridhaa ya kila mmoja katika umati, wajibu wote unamwangukia yeye kabla ya kutuma: nakala iliyozibwa kwa ajili ya umma, na ile halisi kwa ajili ya mahakama, ikitunzwa mbali na simu ambayo askari anaweza kuinyang'anya jioni ileile.