Jembe la Mtalii

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeifundisha shuleni miaka mingi kama onyo kwa wageni wavivu. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye haimpati kamwe, naye ni mtalii. Huyu hufika leo, kesho huzungushwa mjini, na alfajiri ya siku ya tatu keshaondoka. Jembe halimkuti. Je, hana wajibu wowote kwa mahali alipopatazama? Hilo ndilo swali ninalopenda tulitafakari pamoja, ndugu msomaji.

Hapa Tabora watalii si wengi. Wachache wanaofika aghalabu hupelekwa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe walimokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi kurudi pwani; Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Mgeni hutazama kuta, hupiga picha, hutia saini kitabuni, akaenda zake. Ametazama, lakini je, ameona? Kiswahili kimeyatenga maneno haya mawili kwa sababu. Kutazama ni kazi ya jicho peke yake. Kuona kunataka na akili iulize.

Akiuliza, atasikia habari nyingine. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdulla Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba walifika Unyanyembe, yaani hapa hapa kwetu. Walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, naye akawashauri wauzike mwili papa hapa, maana njia ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Hakuna aliyewalazimisha kuendelea. Aliyekuwa akiwalipa alikuwa maiti. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miongoni mwao alikuwamo Halima, aliyekuwa mpishi wake.

Kwa maoni yangu, kukataa kule ni jambo kubwa kuliko yote yaliyosimuliwa juu ya Kwihara. Watu waliohesabiwa kuwa wa kubeba tu waliamua wenyewe lipi ni la heshima, mbele ya mkubwa aliyewaambia vinginevyo. Walipofika pwani walilipwa ujira wao, wakaagwa. Katika mazishi ya Aprili 18, 1874, katika kanisa la Westminster Abbey, London, ni Jacob Wainwright tu kati yao aliyekuwapo. Kaburi hilo hutazamwa na watalii wengi mno kuliko tembe letu. Jiwe lake linakiri kwamba marehemu aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono imetajwa; jina la hata mmoja wa wenye mikono halipo.

Yumkini mtu atanijibu: mtalii amelipa kiingilio, amekuja kupumzika, kwa nini umtwishe majonzi ya watu wengine? Hoja hii ina uzito. Kustarehe si dhambi, wala simtaki mtu alie. Kwanza, kilio chenyewe kinaweza kumpofusha. Wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa kwa kazi yao, na kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Njia hiyo hiyo ilipitiwa na mateka waliofungwa minyororo. Anayewalilia wote kama watumwa hajawaona waliojivunia kazi yao. Anayewasifu wote kama mashujaa hajawaona waliofungwa. Ndiyo maana nasema jembe la mtalii si machozi bali ni swali: nani alibeba?

Swali hilo halimhusu mgeni peke yake. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha yake ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema. Lakini ukimwuliza mkazi wa Tabora kama amepata kufika Kwihara, mara nyingi atakujibu kwamba pale ni pa Wazungu. Jibu hilo hunisikitisha kuliko haraka ya mtalii. Mgeni ana udhuru wa siku mbili. Sisi tumekaa hapa umri wetu wote, tukapita chini ya miembe ya njia ile tukila embe, wala hatukuwauliza wazee ni nani katika ukoo aliyekwenda pwani, na alibeba nini. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na jiwe la London halitawataja kwa niaba yetu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali nyingine. Mtalii mmoja akisimama mlangoni pa tembe na kuuliza majina ya wabebaji, mwenyeji atalazimika kuyatafuta ili amjibu. Hapo mgeni atakuwa amelima, hata kama ataondoka kesho yake, na shamba litakalobaki ni letu.