Jirani Asiyetaja Jina

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha Novemba 1999, una kifungu cha 124 ambacho wengi wetu tunaosoma uhusiano wa kimataifa hukiruka haraka ili tufike kwenye forodha. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba bila amani na usalama hakuna maendeleo. Nani atabisha? Ila hakituambii tufanye nini pale mwanachama mmoja anapotuhumiwa kuwa ndiye anayevuruga amani ya mwenzake. Tangu Januari 2025 nimekuwa nikijiuliza: je, jumuiya iliyoundwa kwa ajili ya soko ina haki ya kunyamaza?

Mambo yalikwenda hivi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022. Novemba mwaka huohuo kikosi cha Jumuiya kikaanza kuingia Kivu Kaskazini, kikiwa na askari wa Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kinshasa ilitaka kipigane na M23. Chenyewe kikasema kazi yake ni kusimamia waasi waondoke. Desemba 2023 kikafungasha virago. Wakaja SADC, Tanzania ikiwemo, na Aprili 2024 askari wetu watatu wakafa kwa kombora. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 wakaiteka Goma.

Februari 8 wakuu wa EAC na SADC wakakutana Dar es Salaam. Wakataka mapigano yasimame na mazungumzo yaendelee, M23 wakiwemo. Hawakuitaka Rwanda waziwazi iache kuwasaidia waasi. Wiki mbili baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema hivyohivyo, kwa jina, katika azimio namba 2773, bila kura hata moja ya kupinga. Rwanda inakanusha, na inawanyooshea kidole FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994. Hofu hiyo si ya kubeza. Lakini kuwa na hofu na jirani ni jambo moja, na kuushika mji wake ni jambo lingine.

Darasani kwetu hoja ya kutetea ukimya ilitolewa vizuri, na naiheshimu. Msuluhishi akimtaja mkosaji, mkosaji anaondoka mezani. Isitoshe, uamuzi wa wakuu wa Jumuiya hufikiwa kwa maafikiano. Mtuhumiwa naye ana kiti, na hawezi kutia saini lawama yake mwenyewe. Na kuna methali ambayo huja haraka mdomoni: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mwenzetu mmoja anayetoka Goma alisikiliza mpaka mwisho. Benki za kwao zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, na hela ya kumtumia mama yake ilipita kwa mtu wa mtu wa mtu. Akasema, "Ndugu zangu, sasa sisi tuliingia mu jumuiya ya nini?" Mwalimu akaahirisha mjadala. Sikumlaumu.

Ile methali ni nzuri kwa mgeni aliyesimama nje ya ua. Sisi tuko ndani ya ua, na jembe tumeshalichukua. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha shehena ya Kongo na shehena ya Rwanda. Madereva wetu wanafika Lubumbashi na wanafika Kigali. Kwa hiyo tunaposema hatuegemei upande, tukumbuke kwamba muuza duka naye haegemei upande: wote wawili ni wateja wake. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya viongozi wetu kupima maneno. Nasema kwamba kutoegemea upande kunakolipa namna hii kunapaswa kukaguliwa zaidi ya kunakogharimu.

Sisi Watanzania, hasa tuliotoka Kagera, tuna sababu ya pekee ya kulielewa swali hili. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, wakalibomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini mwa mto ni la Uganda. Bibi yangu alivuka mto akiwa na mtoto mgongoni; hasimulii zaidi ya hapo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijitolea kusuluhisha. Haukulaani uvamizi kwanza. Nyerere aliikataa meza hiyo, na kwetu shuleni tulifundishwa kuliona hilo kama ujasiri. Iweje basi ile meza iliyotutukana sisi mwaka 1978 iwe busara tunapowaandalia Wakongo?

Najua jibu lake: mwaka 1978 tulikuwa na jeshi la kufanya tulichotaka, na vita ile nayo ilikuwa na gharama zake. Sitetei vita. Ninachokitetea ni kitu kidogo zaidi, yaani kusema ukweli kabla ya kuketi.

Wanaopigania taasisi za kikanda hupenda kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tumeona kinyume chake. Juni 27, 2025 Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano Washington, na mazungumzo na M23 yakawa yanaendelea Doha. Walio mbali walileta fimbo, na wakaleta na hesabu: amani ile imefungwa furushi moja na madini. Aliye karibu asipotamka kitu, aliye mbali atatamka, kwa bei yake.

Kuna chombo kimoja ambacho hakihitaji maafikiano ya wakuu. Mwezi huohuo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, mji uleule yaliko makao ya Jumuiya, iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Rwanda ilipinga ikashindwa kwenye hatua hiyo. Huko majina ya wahusika yameandikwa kwenye jalada, ukurasa wa kwanza.