Mtu na Udongo Wake

Katika Kilithuania, mtu huitwa žmogus, na herufi ya kwanza hutamkwa kama j ya Wafaransa. Wanaisimu hulihesabu neno hili kuwa ndugu wa žemė, yaani ardhi, na jamaa wa homo na humus za Kilatini, mtu na udongo. Mwanadamu, basi, ni yule wa hapa chini, asiye wa mbinguni. Nasi tusemao "binadamu" tumeazima ukoo kwa Waarabu, na jina la Adamu katika Taurati lafungamana na adama, udongo wa Waebrania.

Lakini sarufi yake ndiyo inishughulishayo zaidi. Žmogus ni neno la kiume. Wingi wake, žmonės, haukuzaliwa na umoja huo: watokana na žmuo, umbo kongwe lililokwisha kuachwa. Katika shina hilohilo limechipuka žmona, la kike, nalo maana yake ni mke wa mtu. Mwanamke akisifiwa utu wake, husemwa ni geras žmogus, mtu mwema, na kivumishi hubaki cha kiume.

Je, lugha hiyo imemdhulumu? Wako watakaojibu upesi kwamba ndiyo, na kwamba sisi, wenye ngeli isiyouliza jinsia, tumesalimika. Mimi sioni hivyo. Ngeli yetu ya watu ilimpokea mtumwa bila ya kusita: mtumwa amekuja, watumwa wamekuja, sawasawa na muungwana. Upatanisho huo haukumpa hata siku moja ya uhuru. Unguja na Pemba sheria iliendelea kuutambua utumwa hata 1897. Lithuania nako wakulima, walioitunza lugha ile wakati mabwana wengi wakisema Kipolandi, wengi wao walifungwa kwenye mashamba ya wenyewe hadi 1861. Wana wa ardhi kwa jina, na ardhi si yao.

Mfasiri afanyeje? "Mtu" wetu hana udongo ndani yake. "Binadamu" anao, ila huja na baba na nabii ambao Mlithuania hakuwataja. Na pale mshairi wao aitapo žmogau! (maana wanalo umbo mahsusi la kuitia), kalamu hukimbilia "ewe mja", tamu kwa mizani. Kumbe mja naye ni mtumwa, japo wa Mungu. Mimi huandika "mtu", nikautafutia udongo nafasi katika mshororo unaofuata.