Popo wa Darini na Ujuzi wa Mungu

Popo mdogo mwenye mkia huru, Mops pumilus, ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na mjini hupenda kujibanza katika upenyo kati ya bati na ukuta. Katika mitaa ya mabati kama Carama, kaskazini mwa Bujumbura, popo wa namna hii hutambulika kwa harufu ya mkojo na vilio vya darini kabla hata hawajaonekana. Ana gramu 10 hivi, na mkia unaochomoza nje ya utando kama wa panya. Mabawa yake marefu, membamba, yanafaa mbio za angani. Kunyanyuka kutoka chini humpa taabu, kwa hiyo jioni hujiangusha kwanza ndipo aruke.

Wadudu anaowala huwatafuta kwa mwangwi. Lazzaro Spallanzani, padri wa Italia, alionyesha katika miaka ya 1790 kwamba popo aliyepofushwa huruka salama, ila akizibwa masikio hugonga vitu.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza: kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe? Hata mtu akichunguza koo, sikio na ubongo wote wa popo, alisema, atakuwa amejua ya nje tu. Akijiwazia ananing'inia kichwa chini, atapata hisia zake yeye, si za popo.

Wapo vipofu wanaopiga ulimi na kuutambua ukuta kwa mwangwi, na hilo linapunguza kidogo umbali kati ya mtu na popo. Lakini mwangwi wenyewe si kiini cha hoja. Popo mkubwa wa matunda, Eidolon helvum, hutegemea macho na pua, viungo ambavyo binadamu anavyo, na bado ladha ya embe kinywani mwake haijulikani na mtu.

Kwa anayeamini Mungu ajuaye yote, swali linazidi uzito. Walawi 11:19 inamtaja popo mwishoni mwa ndege wasioliwa, jambo linalohusu meza ya mtu, si nafsi ya popo. Linda Zagzebski, mwanafalsafa wa Marekani, anashikilia kwamba ujuzi kamili lazima ujumuishe hisia za kila kiumbe jinsi anavyozihisi mwenyewe. Wapinzani wa wazo hilo huuliza asiye na mwili ataijuaje njaa. Zagzebski hujibu kwa mfano wa huruma: mtu huweza kushika uchungu wa mwenzake bila kuwa yeye. Jibu hilo lina nguvu, ingawa huruma ya binadamu hujengwa juu ya uchungu aliowahi kuupata mwenyewe, na hapo ndipo mfano unapopungua.