Vidole Havilingani

Kila tunapowasikitikia wanyonge, hutokea mtu akatuambia, "Vidole havilingani." Neno hilo ni la kweli, nasi hatulipingi. Lakini yafaa tuangalie hufanya kazi gani. Ni nadra kulisikia kinywani mwa mwenye njaa. Aghalabu hulisema aliyekwisha kushiba, naye ataka alale pasipo kusumbuliwa.

Tutazame Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, katika milima ya baridi ya Mkoa wa Njombe. Huko viazi mviringo hulimwa kwa jasho jingi. Lakini mkulima wa nyanda hizo mara nyingi hupimiwa kwa lumbesa, yaani gunia lililorundikwa kupita mdomo wake na kufungwa kwa kamba, likazidi kilo 100 zilizowekwa na sheria, kisha likalipwa bei ya gunia moja. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba ndiyo desturi ya soko, na tena mkulima amekubali mwenyewe. Naam, amekubali, kwa maana viazi huoza, na mnunuzi hana haraka. Je, kukubali kwa namna hiyo ni hiari?

Visingizio hivi havishindwi kwa hoja peke yake, maana avisemaye ana nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko mkulima. Hapo ndipo wimbo hupata kazi yake. Marehemu Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki mwaka 2010, aliuita wimbo wake mmoja "Mnyonge Hana Haki". Neno hilo, likitamkwa na mwenye nguvu, ni shauri la kunyamaza. Likiimbwa na mnyonge mbele ya watu, ni shtaka. Halikubadilika hata silabi moja. Kilichobadilika ni kinywa.

Wako wasemao kwamba nyimbo za namna hii hupanda husuda. La hasha! Husuda hutamani mali halali ya jirani. Mkulima ataka kilo zake mwenyewe. Bikira Maria naye aliimba habari za wenye njaa kushibishwa na matajiri kuondoka mikono mitupu, wala hakuna amwitaye mwenye husuda.

Hatari iliyo kweli ni nyingine. Mtu aweza kuucheza wimbo wa mnyonge Jumamosi usiku, na Jumatatu asubuhi akafunga lumbesa. Huyo ameugeuza wimbo wenyewe kuwa kisingizio: amekwisha kusikitika, basi adhani amekwisha kutenda.

Vidole havilingani, ndiyo. Lakini wazee walisema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono ni mmoja, na damu ni moja. Basi, akina baba na akina mama, watoto wakiwauliza maana ya nyimbo hizo, msiwaambie kwamba ni kelele tu. Wapelekeni sokoni, mkawaonyeshe mizani.