CHINI YA BODI
Somo: 1 Samweli 16:7

Miaka ya 1960 kampuni ya Lotus ya Uingereza iliuza gari la Elan hata likiwa vipandevipande, mnunuzi aliunganishe mwenyewe, asitozwe kodi ya ununuzi. Bodi ni ya faibaglasi, haishiki kutu. Chesisi iliyo chini ni ya chuma. Likitelekezwa, juu linapendeza huku chini linaliwa. Fundi mzuri haanzi na rangi. Hufungua boliti, huinua bodi nzima, atazame. Kazi chafu hiyo!

Nasi tumefua nguo, tumeimba kwaya, tukiulizwa tunajibu, “Hatujambo.” Usiku mama analia peke yake kwa yaliyompata njiani. Mama, Bwana huyaona ya chini wala hashtuki. Mfungulie. Nanyi wazee wa kanisa, mkimtembelea, msiishie mlangoni. Ketini.