Mnara wa Siloamu na Habari za Siku Hizi

Somo: Luka Mtakatifu, sura ya 13, mstari wa 1 hadi wa 5



Watu walimjia Bwana Yesu na habari mpya. Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya fulani walipokuwa wakitoa dhabihu zao, na waliomletea habari hiyo, yaonekana, walikuja na hukumu yao tayari: hapana budi watu wale walikuwa waovu kuliko wenzao. Bwana hakuwajibu kama walivyotazamia. Aliongeza habari ya pili, ile ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, kisha akazigeuza habari zote mbili ziwaelekee wao wenyewe waliosimama mbele yake. Waliokufa hakuwasema vibaya hata kidogo.

Somo hili tumelisoma mara nyingi, na miaka mingi tumelifundisha darasani, wala hatukuwahi kuona kwamba latufundisha namna ya kupokea habari. Limetufungukia hivi karibuni tu, kwa sababu ya kosa letu wenyewe ambalo tutalisimulia hapa chini. Kwanza tutazame jinsi tunavyozipokea habari za kompyuta, za michezo ya kwenye simu na za vyombo vya angani. Ndizo zinazotufikia kila siku, na ndizo tunazozitolea maneno bila kufikiri. Msiba wa jirani twausikiliza kwa heshima. Habari ya roketi twaidhani haina mwenyewe, basi kila mtu huitupia neno lake na kupita.

Si jambo jipya. Mwaka 1979 tulikuwa wanachuo wa ualimu. Ikasikika redioni kwamba Skylab, chombo cha Wamarekani kilichorushwa mwaka 1973, chenye uzito wa tani zipatazo 77, kitaanguka, na hapakuwa na aliyeweza kusema ni mahali gani hasa. Bwenini tuligawanyika. Wengine walicheka, wengine walifungua Ufunuo wa Yohana na kuanza kuhesabu. Mwenzetu mmoja alikataa kwenda shamba la chuo, ati kama ni kufa, afadhali afe akiwa amepumzika. Tarehe 11 Julai kikaanguka. Mabaki yake yalitua katika Bahari ya Hindi na katika nchi kavu ya Australia Magharibi, na hakuna aliyeumia. Halmashauri ya Esperance, upande huo wa Australia, iliwaandikia Wamarekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa taka, jambo lililotuchekesha sana tulipolisoma miaka mingi baadaye. Lakini sisi tuliokuwa tumetangaza mwisho wa dunia bwenini hatukusimama hata mmoja kusema kwamba tulikosea. Tulikwenda kula, tukanyamaza.

Basi tarehe 30 Desemba 2024 kitu kama hicho kikawapata jirani zetu wa Kenya. Katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, ilianguka pete kubwa ya chuma. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitangaza siku mbili baadaye kwamba upana wake ni kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500, na kwamba kwa uchunguzi wa mwanzo yaonekana ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vitu vya namna hiyo kwa kawaida huteketea vinapoingia katika hewa ya dunia, au huangukia baharini. Hiki hakikuteketea. Kwa rehema za Mungu hakikumpata mtu.

Sasa, ndugu wapenzi, tazameni tulivyoipokea habari hiyo sisi wenyewe katika kundi letu la WhatsApp la mtaa. Mmoja aliandika kwamba ni ishara ya mwisho. Mwingine akauliza chuma chakavu kilo moja ni shilingi ngapi Kenya, akaweka vile vikatuni vya kucheka. Wa tatu akatuletea habari kwamba Kenya imeidai India fidia, habari iliyoenea sana siku zile, na ambayo Shirika lile lile la Kenya liliikanusha. Aliyeileta hakuiondoa mpaka leo. Hatumtaji, naye anajijua, na sisi nasi tuliisoma na kuipeleka kwa ndugu yetu Dodoma.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza habari za watu wa Mukuku. Mtu yuko shambani mwake au uani mwake mchana, na chuma cha kilo 500 chashuka kutoka juu. Usiku ule walilala vipi? Watoto wao waliambiwa nini? Siku ya Jumapili tulisali kwa ajili ya wasafiri na wagonjwa, kama ilivyo desturi, na wale hatukuwakumbuka, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwafanya mchezo.

Wako pia wanaosema kwamba kurusha vyombo angani ni mnara wa Babeli umerudi. Neno hili lasemwa upesi mno. Si kila kilicho kirefu ni Babeli, kama vile si kila aliyeangukiwa na mnara wa Siloamu alikuwa amemkosea Mungu. Mtu akitaka kulisema, na asome kwanza kitu hicho kimetengenezwa na nani, kwa kazi gani, na kimeanguka kwa sababu gani. Huenda akalisema bado, nasi tutamsikiliza.

Habari ya pili ni ya mchezo wa kompyuta, nayo ndiyo iliyotuchoma. Upo mchezo uitwao Tetris, uliotungwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Vipande kama vya matofali hushuka kutoka juu, na mchezaji huvipanga safu kwa safu visijaze kioo. Kadiri anavyofaulu, ndivyo vinavyozidi kushuka kwa kasi. Tarehe 21 Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, Marekani, alicheza namna ya zamani ya mchezo huo, ile ya mwaka 1989, akafika ngazi ya 157, na mchezo wenyewe ukakwama. Miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyekuwa ameufikisha hapo; ni programu za kompyuta tu zilizowahi kufika. Habari zilipotoka Januari 2024, mtangazaji mmoja wa televisheni huko Uingereza alimshauri mvulana huyo, kwa maneno ya mama, aache kioo, atoke nje akapate hewa safi, kwa kuwa kuushinda mchezo wa Tetris si shabaha ya maisha.

Nasi tulipoonyeshwa maneno hayo tulitikisa kichwa kwa kukubali. Naam, tukasema, mama huyu amesema kweli, watoto wamepotea katika simu. Ndipo tukaisoma habari hadi chini. Baba yake mvulana yule alikuwa amefariki mwezi ule ule wa Desemba, siku chache kabla, na mtoto aliutoa ushindi wake uwe kumbukumbu ya baba.

Hatusemi kwamba michezo hiyo haina madhara. Tumefundisha miaka 35 na ushee, tumewaona vijana waliolala darasani kwa kukesha na simu, na wazazi wao tuliwaita tukasema nao. Onyo lina mahali pake. Lakini huyu alikuwa yatima wa juma moja au mawili, akifanya jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya, nasi tulio mbali tulimpa ushauri juu ya hewa safi. Rafiki zake Ayubu walikosa mengi, walakini walikaa naye siku saba mavumbini kabla ya kufungua kinywa. Sisi hatukukaa hata dakika saba. Mithali 18, mstari wa 13, inamsema mtu anayejibu kabla hajasikia, na walio na Biblia karibu waufungue mstari huo, maana sifa anayopewa mtu huyo si nzuri.

Na sasa kosa letu lenyewe.

Yuko kijana wa kidato cha pili katika mtaa wetu, mtumishi wa altare, anayekaa na bibi yake. Mwaka 2024, Jumapili moja baada ya Misa, watu wakiwa bado wamesimama chini ya mwembe, alitujia na simu mkononi. Alikuwa na hamu ya kusema, akasema haraka haraka kama wasemavyo vijana: kwamba kuna chombo kiko mbali kupita vyote, kimeharibika, na mafundi wamekitengeneza kwa kukipelekea maneno tu. Hatukumwacha amalize. Tulimwambia atengeneze kwanza alama zake za hisabati, ndipo aende kutengeneza vyombo vya mbinguni. Watu walicheka. Alitabasamu kidogo, akaitia simu mfukoni, akaenda kuzima mishumaa.

Hakuja tena na neno lolote. Shikamoo yake alitupa kila Jumapili, kwa adabu zote, na kupita.

Miezi ikapita, na kwa aibu kidogo tukaitafuta habari ile wenyewe. Ni kweli tupu. Chombo chaitwa Voyager 1. Kilirushwa kutoka Florida tarehe 5 Septemba 1977, nasi tulikuwa bado kijana, na hakuna kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu kilichofika mbali kama hicho. Wakati ule kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24. Mwezi wa Novemba 2023 kikaanza kuleta maneno yasiyosomeka. Mafundi wa NASA huko Pasadena, California, hawakusema kwamba kimezeeka, basi. Walitafuta nyaraka za zamani zilizoandikwa na watu wa kizazi kilichotangulia. Walikipelekea ujumbe mmoja, wakangoja. Ujumbe huenda kwa mwendo wa mwanga, na hata hivyo huchukua saa 22 na nusu kufika, na jibu saa 22 na nusu nyingine kurudi. Mwezi wa Machi 2024 fundi mmoja aliweza kusoma jibu ambalo kwa wengine lilionekana halina maana, na ndani yake mlikuwa na nakala ya kumbukumbu yote ya kompyuta ile. Wakaona kwamba chipu moja imekufa na sehemu ya programu iliyohifadhiwa humo imepotea. Tarehe 18 Aprili wakatuma marekebisho. Tarehe 20 wakasikia kwamba chombo kinajibu vizuri, kinaeleza hali yake kwa lugha ya kueleweka.

Tulipomaliza kusoma tulikaa kimya. Watu hawa waliuliza swali moja na kungoja karibu siku mbili kwa jibu, wakafanya hivyo tena na tena kwa miezi mitano, kwa ajili ya mashine. Na mtoto wa altare yetu, aliyesimama hatua moja kutoka kwetu, hatukumngoja amalize sentensi. Yakobo katika waraka wake hutanguliza sikio mbele ya ulimi. Sisi mwalimu, tuliyewafundisha walimu wengine kumsubiri mwanafunzi mzito wa kusema, ulimi wetu ulitangulia.

Tulikwenda nyumbani kwao Jumamosi jioni. Bibi alitukaribisha, akaweka chai. Kijana akaja, akaamkia, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa ofisini. Tulimwambia kwamba siku ile chini ya mwembe tulimkosea, na kwamba habari aliyotuletea ilikuwa ya kweli, na kwamba tumekuja kuomba radhi. Alitazama chini. Alisema, "Hamna neno, Mwalimu," na zaidi ya hapo hakusema. Bibi yake akazungumza habari za mvua. Tulidhani tutaondoka hivyo hivyo, na tulikuwa tumekwisha shika fimbo.

Ndipo tukamwuliza jambo ambalo kweli lilikuwa limetushinda: kama ile chipu imekufa, na mtu hawezi kufika huko kubadilisha, programu waliiweka wapi? Alitutazama kwanza kuona kama ni mzaha. Kisha akaingia jikoni, akatoka na mtungi wa maji na masufuria matatu, makubwa na madogo. Akasema, mtungi umepasuka. Maji hayaingii katika sufuria moja, hakuna iliyo na nafasi ya kutosha, kila moja ina vitu vyake. Basi unayagawa, huku kidogo, huku kidogo, na kule kidogo. Lakini yakiwa programu, kila sehemu lazima ijue nyingine ziko wapi, ili mtu akichota zije kwa taratibu yake kana kwamba zingali mahali pamoja. Na sehemu nyingine za programu zilizokuwa zikienda kuchota mtungini, nazo ziambiwe kwamba mtungi haupo tena.

Tulimwuliza mara mbili, akatueleza mara mbili. Alipofika mara ya pili sakafu ilikuwa imelowa, na bibi yake akasema anazitaka sufuria zake, maana saa ya ugali imefika.